Chai ya Kukata Mafuta

Udaktari wa wifi ulishonwa mchana mmoja tu, kwenye baraza ya nyumba ya mwuza nyama, kwa cherehani ya miguu iliyokuwa ikilalamika kila ikifika kwenye kona. Aliyeushona ni mke wa mwuza nyama, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Alipima mabega, akakata kitambaa cheupe, akatia mifuko miwili ya chini na mmoja wa kifuani, kwa sababu wifi alisisitiza kwamba daktari asiye na kalamu kifuani watu hawamwamini. Kabla ya koti hilo wifi alikuwa akiuza mapazia. Alipolivaa na kujitazama kwenye kioo cha kabati, alikuwa ameshahitimu.

"Wifi, mkono wako una baraka," akasema, akijigeuza ubavu. "Hili koti litaponya watu."

"Litaponya peke yake, au na dawa zitakuwepo?" Fundi akauliza, pini zikiwa mdomoni.

"Dawa zipo. Za mitishamba, za Kichina. Wenzetu wamezitumia maelfu ya miaka. Wewe umewahi kusikia Mchina amekufa kwa kolesteroli?"

"Sijawahi kusikia Mchina amekufa kwa chochote, wifi. Huwa hawaniletei taarifa."

Wifi akacheka kwa huruma, kama wanavyocheka wasomi wakiongea na sisi wengine, akaondoka na koti lake bila kuuliza gharama ya ushonaji. Fundi naye hakuisema. Wifi ndiye aliyemlea mdogo wake, mume wa Fundi, tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe hajaota meno yote ya utu uzima. Kwa mtu wa namna hiyo, koti ni kitu kidogo.

Mume wa Fundi aliitwa Bwana Nundu, na jina alilipata kihalali. Zamani kidogo ulizuka uvumi kwamba bucha za mtaani zinauza nyama ya ng'ombe wagonjwa. Wenzake walibandika matangazo ukutani, wengine wakaapa kwa makaburi ya wazazi. Yeye aliwasha moto nje ya bucha, akakata kipande cha nundu kilichonona, akakichoma na kukila mbele ya wateja, mafuta yakimchuruzika kidevuni. Siku hiyo akauza mpaka kichwa na kwato. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi: kila asubuhi moto unawashwa, kipande kinachomwa, Bwana Nundu anaonja, wateja wanaanza kununua. Mzee mmoja mstaafu, ambaye kwa sababu ya vioo vyake vinene aliitwa Mzee Miwani, hakuwahi kutoa pesa mfukoni kabla hajaiona ile nyama ikishuka kooni mwa mwuzaji.

"Onja basi tuone," ndiyo ilikuwa salamu yake.

Sasa mwili nao una mahesabu yake. Bwana Nundu alianza kuhema akipanda ngazi za bucha, ambazo ni mbili. Akibeba paja la ng'ombe kutoka kwenye gari alilazimika kusimama katikati na kujitia anatazama mawingu. Fundi akamkokota hadi hospitali. Daktari wa huko alikuwa binti mwembamba mwenye koti lililopauka, lenye doa la wino mfukoni, tena halikumkaa vizuri mabegani. Fundi aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

"Mzee, mafuta kwenye damu yako yamezidi sana," binti akasema. "Hizi ni dawa, kidonge kimoja kila jioni. Usiache hata ukijisikia vizuri. Na nyama ya mafuta uache."

"Niache kuuza?"

"Uache kula."

Bwana Nundu akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. Walipofika mlangoni mwa nyumba yao akamwambia mkewe, "Wateja wasijue." Fundi akakubali kwa kichwa. Alidhani anaombwa kutunza siri. Hakujua anaombwa kutunza nundu.

*

Habari za ugonjwa zilimfikia wifi, maana ndugu ni ndugu, na jioni moja akaja na koti, kalamu na kopo jekundu lenye maandishi ya Kichina. Alikuja pia na mashine ya kupima mwili mzima. Mgonjwa alishika kifimbo cha shaba, mashine ikalia mara kadhaa, na majibu yakatoka kwamba kizazi chake kina ubaridi. Wifi akasema hayo ni majibu ya mteja wa mchana, yamekwama. Akaizima mashine na kuirudisha mkobani.

"Tuachane na mashine. Dawa yenyewe ndiyo itaongea. Wifi, niletee chai ya moto kutoka kwenye kopo hili. Na wewe, mdogo wangu, nikatie kipande cha mafuta matupu."

Chai ikaja, inatoa mvuke, nyeusi na yenye harufu ya kabati la zamani. Wifi akaimimina kwenye bilauri, akatumbukiza kile kipande cha nundu, akakoroga. Wote watatu wakainama. Kipande kikaanza kulainika, kikapungua, kikabaki ukamba mwembamba, na juu ya chai kukaelea duara kubwa la mafuta linalong'aa.

"Umeona?" wifi akanong'ona. "Inakata. Na ndani ya mishipa ni hivyo hivyo."

Bwana Nundu alikuwa amefungua mdomo. Mtu huyu alikuwa ameuza nyama nusu ya maisha yake. Kila jioni, akifunga bucha, alimwagia visu na gogo la kukatia nyama maji yanayochemka, maana maji baridi hayang'oi mafuta; hata mtoto aliyewahi kuosha sufuria analijua hilo. Lakini mafuta yale yale, mbele ya koti jeupe, yalimshangaza kana kwamba ndiyo kwanza anakutana nayo.

"Baba watoto," Fundi akasema taratibu, "si chai ya moto hiyo? Wewe mwenyewe kila jioni gogo lako unaliosha na nini?"

"Hayo ni maji ya gogo. Hii ni dawa."

"Na mafuta mbona bado yapo? Si hayo yanaelea?"

"Yameelea kwa sababu yamekubali kutoka, wifi," daktari akajibu. Akageuza kopo na kupitisha kidole kwenye maandishi. "Soma mwenyewe. Hapa wanasema inasafisha damu."

"Na hapa chini?"

Wifi akayatazama yale maandishi ya chini kwa makini. "Hapa wanasisitiza."

Bei ya kopo ilikuwa ya ndugu, yaani ilizidi kidogo ile ya watu baki, kwa kuwa ndugu huwezi kumpa kitu cha daraja la chini. Bwana Nundu alilipa huku anatabasamu. Chai ile ilimpa kitu ambacho hospitali ilimnyima: ruhusa. Kesho yake asubuhi alichoma kipande kikubwa kuliko cha siku zote, akakila mbele ya Mzee Miwani, kisha akanywa kikombe chake cha dawa na kujipapasa tumbo. Nundu inaingia, chai inaitoa. Mtu angeweza kuishi hivyo mpaka siku ya mwisho, na kusema kweli hilo ndilo Fundi aliloanza kuliogopa.

*

Vidonge Fundi alivigundua kwa sababu ya chumvi. Ya jikoni ilikwisha, akavuka baraza kwenda bucha kuchukua ya mumewe, na kijiko kilipozama kwenye mkebe kikagonga kitu. Akachimbua. Vidonge vya hospitali vilikuwa vimelala humo chini, vimehifadhiwa vizuri kama nyama ya kukausha.

"Hivi navyo vinauzwa kwa kilo?" akauliza.

Mumewe alikuwa ananoa kisu. Akaacha. Akachungulia nje kwanza kama kuna mteja, halafu akasogea.

"Dada kasema mwili hauwezi kutumikia dawa mbili. Chai inasafisha, vidonge vinachafua. Nisingeweza kukuambia, ungeanza."

"Nimeshaanza. Yule binti alikuambia usiache."

"Yule binti alinipa nini? Alinipa kuacha. Uache hiki, uache kile. Dada amenipa kuendelea." Akashusha sauti. "Hebu fikiria, mama watoto. Mzee Miwani anakuja, anasema onja tuone, mimi nimwambie nini? Kwamba nyama imeniumiza? Nani atanunua nyama kwa mtu aliyeumizwa na nyama?"

"Na ukifa, atanunua kwa nani?"

"Usinitabirie."

"Sikutabirii. Nakuuliza kama fundi anayejua bei ya kitambaa cha sanda."

Lilikuwa neno baya, na alilijutia papo hapo. Mumewe akageuka, akarudi kwenye kisu chake. Fundi akasimama pale na mkebe mkononi, akiwa na hasira na hofu kwa kipimo kimoja. Angeweza kwenda kwa wifi na kumwaga yote. Lakini alijua itakavyosemwa kwenye ukoo: yule mwanamke wa cherehani kawagombanisha ndugu wa damu kwa wivu, tena wivu wa koti alilolishona mwenyewe. Akachota chumvi yake, akaondoka. Jioni akaweka kidonge pembeni ya sahani ya mumewe. Asubuhi akakikuta pale pale, kimekaa kwa adabu.

*

Kampuni ya chai, iliyompa wifi makopo ya kuuza, iliandaa semina, na wifi alikuwa apandishwe cheo. Kilichobaki ni ushuhuda mmoja mzito. Na ushuhuda gani ungeushinda wa mwuza nyama anayekula nundu kila asubuhi na moyo wake unadunda kama wa kijana? Ukumbi ulikuwa wa shule, viti vya plastiki vimepangwa, na bango jukwaani lilisema AFYA YAKO NDIYO UTAJIRI WAKO. Aliyekuwa anatajirika hakutajwa. Mtaa wote ulikuja, maana palikuwa na soda na biskuti. Mzee Miwani alikaa mstari wa pili, biskuti nne mfukoni.

Bwana Nundu alipanda jukwaani na koti la suti alilolivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya binti yao. Halikufunga. Fundi, aliyekaa mbele kabisa, aliona anavyopumua kwa mdomo baada ya zile ngazi za jukwaa, akasogea ukingoni mwa kiti.

"Mimi mnanijua," mumewe akasema kwenye kipaza sauti. "Kila asubuhi nakula nundu mbele yenu." Watu wakacheka kwa mapenzi. "Hospitali waliniambia niache. Lakini dada yangu hapa, daktari..."

Akanyamaza. Akajishika kifua, kisha mkono wa kushoto, kama mtu anayetafuta alikoweka kitu. Jasho likamtoka usoni, likamlowesha kola.

"Mnaona?" wifi akadaka kipaza sauti, uso umemwiva kwa furaha. "Mnaona jasho hilo? Hizo ndizo sumu zinatoka! Tena mbele ya macho yenu! Mpigieni makofi!"

Watu wakapiga makofi. Bwana Nundu, ambaye maishani mwake hakuwahi kupigiwa makofi na mtu yeyote, akajaribu kutabasamu.

Fundi akasimama. Mwanamke wa nyuma yake akamvuta nguo: "Mama, kaa, unatuziba." Hakukaa. Alipanda zile ngazi mbele ya ukoo mzima na mtaa mzima, na kipaza sauti kikayanasa yote yaliyosemwa.

"Wifi."

"Ngoja amalize, wifi. Usituaibishe mbele za watu."

"Acha kutazama watu. Mtazame mdogo wako."

"Nakuambia ni sumu..."

"Mtazame! Huyo hapo uliyembeba mgongoni. Mtazame!"

Wifi akamtazama. Midomo ya ndugu yake ilikuwa imegeuka rangi ya maini, na alikuwa anateremka sakafuni kando ya meza. Kipaza sauti kikadondoka mezani kwa kishindo kilichowafanya watu wazibe masikio. Daktari akapiga magoti, akafungua mkoba wake, akasukuma makopo mekundu pembeni, akafungua zipu ya ndani, halafu zipu nyingine ndani ya ile, na akatoa bahasha ya kaki ya hospitali, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechakaa. Kidonge alikitoa kwa wepesi wa mtu aliyezoea.

"Tafuna," akamwambia, machozi yanamtoka. "Usimeze, mdogo wangu. Tafuna. Mimi niliambiwa nikibanwa kifua nitafune."

Kutoka mstari wa pili Mzee Miwani akanyoosha mkono kwa heshima zote.

"Samahani, daktari. Na hiyo nayo ni ya Kichina?"

*

Ndani ya teksi Bwana Nundu alilala mapajani kwa mkewe, dada yake akamshika miguu. Dereva aliendesha kwa honi zaidi kuliko kwa usukani.

"Tangu lini?" Fundi akauliza.

"Moyo? Tangu kabla ya koti."

"Na chai?"

"Nakunywa. Asubuhi. Ukitia sukari ni nzuri." Wifi akafuta pua kwa mkono wa koti. "Usinitazame hivyo. Nilijua yeye mwili wake una nguvu kuliko wangu. Tangu utoto alikuwa na nguvu."

"Ungemwambia tu, wifi."

"Ningemwambiaje? Kwamba daktari anatibiwa?"

Fundi alikumbuka bucha, na sauti ya mumewe iliyoshushwa, na nani atanunua nyama kwa mtu aliyeumizwa na nyama. Walikuwa ndugu kweli, hawa wawili. Alitaka kumzaba kofi, na alitaka kumkumbatia, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika kichwa cha mumewe.

Walipokelewa na yule yule binti mwembamba. Walimwingiza mgonjwa ndani, mlango ukafungwa, wakabaki kwenye benchi la ukutani. Hawajakaa sawasawa akaja mzee mmoja na fimbo yake, akasimama mbele ya wifi.

"Daktari, mke wangu hajaangaliwa tangu asubuhi. Tusaidie, tafadhali."

"Mimi si..." wifi akaanza.

"Nakuomba, mama. Anaumia."

Wifi akatazama kalamu yake kifuani. Akasimama, akafungua vifungo kimoja kimoja, akalivua koti na kulikunja mpaka likawa kifurushi kidogo, akakisukumia chini ya benchi. Kisha akamshika yule mzee mkono akampeleka kwa muuguzi, akiwa na blauzi yake ya kuuzia mapazia.

Wifi alikuwa ameshalirudia benchi binti alipotoka na kuuliza swali ambalo Fundi alilijua linakuja. "Alikuwa anatumia dawa nilizompa?"

"Alikuwa anaziweka kwenye chumvi," Fundi akasema.

"Na alikuwa anatumia kitu kingine?"

Wifi akatoa kopo jekundu, akamnyooshea bila kuinua macho. Binti akaligeuza huku na huku.

"Sisemi mitishamba yote ni takataka. Mingine imechunguzwa, na inafanya kazi. Lakini ya humu mimi siijui, na nyinyi pia hamuijui. Na hata ingekuwa nzuri namna gani, ingeishindaje nundu ya kila asubuhi?" Akamrudishia. "Amepona kwa bahati. Nani alimpa kidonge atafune?"

Wifi akainua macho.

"Mimi," wifi akasema.

"Ulifanya vizuri."

Hapo ndipo wifi akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisicho na mapambo, na watu wa korido wakageuka kumtazama. Ndiyo sifa pekee ya kitabibu aliyowahi kupewa na mtu aliyesomea.

*

Bucha ilikaa muda imefungwa. Wifi alikuja siku moja na kifurushi, akakiweka juu ya cherehani.

"Lipasue hili, wifi. Mtolee mdogo wangu aproni. Arudi kazini na kitu kisafi."

"Na kampuni?"

"Nimewarudishia makopo yao. Wamekataa kuyapokea." Akakaa kwenye kigoda. "Nimebaki nayo chumba kizima. Nitakunywa mpaka niseme Kichina."

Fundi akaliweka koti chini ya mkasi. Mfuko wa kalamu akauacha. Utafaa kuwekea chaki ya kuandikia bei.

Siku ya kufungua, Bwana Nundu alikuwa amepungua kiasi kwamba aproni ilimzunguka mara moja na nusu. Asubuhi mkono wake ulikuwa umeshawasha moto kwa mazoea, na kipande cha nundu kilikuwa juu ya wavu, kinalia taratibu. Wateja walikuwa wamesimama. Habari za ukumbini kila mtu alikuwa nazo, lakini kila mtu alijitia hana. Mzee Miwani akasogea mbele, akarekebisha vioo vyake.

"Karibu tena, Bwana Nundu. Haya, onja basi tuone."

Barazani, mguu wa Fundi ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Alizijua njia zote za kutokea. Mumewe angeweza kusema jino linamuuma, au amekula njiani. Angeweza pia kukichukua kile kipande na kukila, kimoja tu, cha mwisho, cha heshima. Alimwona anashika koleo. Alimwona anainua nyama kutoka motoni, mafuta yakidondoka kwenye makaa na kutoa moshi, na watu wote wakifuata koleo kwa macho.

Akaiweka kwenye sahani, akaisukuma kwa mzee.

"Onja wewe, mzee wangu. Nyama ni nzima. Mbovu ni mimi."

Bwana Nundu akafuta mikono kwenye aproni.

"Ni moyo. Mafuta yamezidi kwenye damu, kwa haya haya mliyokuwa mnaniona nakula. Nimekatazwa, na kila jioni nameza kidonge cha hospitali. Anayetaka kwenda bucha nyingine aende, sitakasirika."

Mzee Miwani akaitazama ile nyama kwenye sahani kwa muda mrefu. Akainusa. Kisha akairudisha mezani bila kuigusa, akaingiza mkono mfukoni na kutoa pesa, kwa mara ya kwanza bila kuona chochote kikishuka kooni mwa mtu.

"Nipimie nusu kilo," akasema. "Ya paja. Na hayo mafuta ya pembeni niondolee."

Bwana Nundu akachukua kisu, akaanza kuondoa mafuta pembezoni mwa nyama, polepole, akiyaweka kando kwenye gogo. Nyuma ya Mzee Miwani mteja wa pili akasogea, akatoa pesa zake. Cherehani ikaanza tena kulalamika.